Nusu Kikombe cha Oili

Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inashuka karibu mita 1,000 kwa mwendo usiofika kilomita 40. Ukishaipita Soni, jabali liko upande mmoja, korongo upande wa pili, na kona zinafuatana bila kukupa nafasi ya kupumua. Sisi tulioizoea tunaiheshimu. Gari likiwa na mzigo unaweka gia namba mbili, unaiacha injini ilishike, breki unaigusa pale tu inapobidi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akishuka shemeji yangu, alasiri ya siku ya soko, pikapu imejaa kabichi hadi juu ya bodi na utingo kajilaza juu ya mzigo. Kwanza ilikuja harufu, kama ya blanketi linaloungua. Akadhani ni lori lililotangulia. Kisha akasikia mlio wa injini unapungua huku gari linaongeza mwendo, na gia imo palepale kwenye mbili. Akakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Kona moja mbele akakanyaga tena, na pedali ileile ikazama hadi sakafuni kama mguu ulioingia kwenye tope.

Akavuta hendibreki kwa nguvu zake zote, akalielekeza gari kwenye mtaro wa upande wa jabali. Lilikwaruza ukuta wa mawe hatua kumi na tano hivi, likasimama limeinama. Utingo alichubuka kiwiko. Kabichi zilibiringika barabarani hadi kwenye kona ya chini, na magari yaliyokuwa yakipanda yakasimama kusubiri watoto wazikusanye. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi.

Nasimulia haya kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niandike, kwa sababu kilichomfikisha mtaroni kilianza wiki mbili na siku kadhaa nyuma, na kilianza na jambo dogo sana kwenye klachi.

Asubuhi moja alipokuwa anarudisha gari nyuma kutoka uani, gia ya rivasi ililia. Unaujua mlio ule, wa meno kukwaruzana. Akapampu pedali mara mbili, tatu, rivasi ikaingia vizuri. Kesho yake ikawa vilevile, na sasa hata namba moja ikawa nzito kuingia akiwa amesimama. Alipozima injini, gia zote ziliingia laini kabisa, moja hadi tano. Akaona gari limempa nafuu, akawasha, akaenda zake.

Gari lilikuwa limempa jibu, wala halikumficha kitu. Gia zikikataa kuingia injini ikiwa inazunguka, halafu zikaingia bila shida injini ikizimwa, mara nyingi giaboksi haina kosa. Klachi ndiyo haiachii. Mguu unakanyaga, lakini injini na giaboksi bado zimeshikana. Na pedali ikihitaji kupampiwa ndipo klachi iachie, basi kuna upepo ndani ya mfumo, au mafuta yanatoroka mahali.

Kwa asiyejua mambo haya yanavyokwenda, nieleze kidogo, maana bila haya mengine yote hayashikiki. Kwenye magari mengi ya gia za mkono klachi haivutwi tena kwa waya. Pedali inasukuma kijiti, kijiti kinasukuma pistoni ndani ya klachi masta ya juu, ile iliyofungwa kwenye ukuta kati ya miguu ya dereva na injini. Pistoni inayasukuma mafuta kwenye bomba, yanapita katika mpira, yanafika klachi masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Huko pistoni nyingine inasukuma uma, uma unasukuma beringi, na beringi inaibonyeza presha pleti hadi iiachie klachi pleti. Mguu wako unafika kwenye giaboksi kwa kupita katika mafuta. Mafuta hayabonyei, ukiyasukuma huku yanasukuma kule. Blaise Pascal wa Ufaransa aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 17, na gari lako linaitegemea kila unapobadilisha gia. Upepo ndio unaobonyea. Ukiingia hata kidogo, nguvu ya mguu inaishia kuubana upepo, na uma kule chini hausogei inavyotakiwa.

Kinachoyazuia mafuta yasitoroke ni raba. Vikombe vidogo vya raba, kama kofia ya chupa kwa ukubwa, vimevishwa kwenye pistoni. Hivyo ndivyo vinavyozeeka.

Shemeji alifanya jambo jema, akafungua boneti kutazama. Kwenye gari lake breki na klachi zinakunywa kwenye kichupa kimoja. Mafuta ya klachi yanatoka kwa bomba dogo ubavuni mwa kichupa cha breki. Magari mengi yako hivyo, na wengi wetu tunayaendesha miaka bila kulijua. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya alama. Hapo hapo, mtu wa magari pale kijiweni, mwenye nia njema kabisa, akamwambia, "Hiyo ni kuongeza tu, kaka. Mimi nina oili hapa." Ilikuwa ndani ya chupa ya soda, nyekundu, iliyobaki kwenye haidroliki ya stelingi ya lori la Kanta. Mafuta ni mafuta. Ikamiminwa nusu kikombe, boneti likafungwa.

Na klachi ikapona. Hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaponaswa. Siku mbili nzima gia ziliingia kama gari jipya. Pedali ilipanda juu, rivasi haikulia. Shemeji alimshukuru yule bwana, hata soda alimnunulia.

Raba za breki na klachi zimetengenezwa kuishi ndani ya mafuta ya breki peke yake. Zikikutana na oili ya injini, haidroliki, dizeli au mafuta ya taa, zinaivuta ile oili na kuvimba. Mwanzoni kuvimba huko kunaziba pale palipokuwa panavuja, na dereva anaona amepata dawa. Raba haikomi kuvimba ilipoziba. Inaendelea, inakuwa laini kama ulimi, inakwama ndani ya silinda. Sasa pistoni ikisukumwa haitaki kurudi yote. Ndani ya masta ya juu kuna kitundu kidogo sana ambacho mafuta hurudia kichupani mguu unapoondoka kwenye pedali, na pistoni isiporudi mwisho kitundu hicho kinabaki kimefungwa. Mafuta yanabaki bombani, yamebanwa. Joto la injini likiyapata yanatanuka, na kwa kuwa hayana pa kwenda yanausukuma uma. Klachi inakuwa kama ya dereva asiyetaka kuondoa mguu.

Siku ya nne akipanda mlima, injini ikaanza kupiga kelele bila gari kusogea sawasawa. Klachi inateleza. Ikaja harufu ya kuungua. Akaenda gereji, na fundi kijana, alipoiendesha hatua mia tu, akatoa hukumu: klachi pleti imekwisha.

Simlaumu sana kijana huyo, na jina la gereji yake silitaji. Pleti ilikuwa kweli imeungua. Alichokosa kuuliza ni kwa nini imeungua. Akashusha giaboksi, kazi ya kutwa nzima. Ile klachi masta ya chini aliifungua boliti zake mbili, akaining'iniza pembeni kwa kipande cha waya, hata mpira wake hakuugusa. Akaweka pleti mpya, presha mpya, beringi mpya. Akairudisha masta ileile ya chini, na ile ya juu hakuitazama kabisa. Shemeji alilipa pesa ya magunia mengi ya viazi, na kwa siku chache gari lilikwenda. Kisha pleti mpya nayo ikaanza kuteleza. Wakati huohuo, kwa kuwa kichupa ni kimoja, ile oili ilikuwa inashuka taratibu kuelekea kwenye breki. Yeye aliona tu kwamba gari limekuwa zito kidogo. Akasema ni mzigo.

Mnajua sasa kilichotokea chini ya Soni. Raba za breki zilivimba kama zilivyovimba za klachi, breki zikawa zinashika zenyewe, magurudumu yakapata moto. Mafuta ya breki nayo, yakikaa muda mrefu, hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya kiwango chake ni kuchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa maji kiwango kinashuka hadi 140. Breki iliyoshika kwa kilomita kadhaa za mteremko inayapita hayo. Mafuta yalichemka, mvuke ukaingia bombani, na mvuke unabonyea kama upepo. Ndiyo maana pedali ngumu iligeuka tope. Klachi iliyokuwa inateleza ikamnyang'anya ile injini ya kumshika. Hendibreki ndiyo iliyomwokoa, kwa sababu yenyewe inavutwa kwa waya. Haiyahitaji mafuta.

Gari lilivutwa hadi Korogwe, kwa fundi mzee ambaye mimi mwenyewe nilijifunzia kwake kushika spana. Nilikwenda na shemeji. Tulipomaliza kusalimiana, mzee hakuomba jeki. Aliomba tochi na kitambaa cheupe.

Alifungua mfuniko wa kichupa. Ndani ya mfuniko ule kuna kiraba chembamba chenye mikunjo. Akakitoa, akajaribu kukirudisha mahali pake. Hakikuingia. Kilikuwa kimetanuka, kingo zake zimejikunja kama sikio la mbuzi. Akachovya kitambaa kichupani, akatuonyesha doa jekundu katikati na mduara wa rangi nyingine pembezoni.

"Mwanangu, umetia nini humu?"

Shemeji akanyamaza.

"Nakuuliza kwa wema tu. Nikijua ulichotia najua cha kubadilisha."

"Haidroliki, mzee wangu. Kidogo tu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye mlango wa dereva, akapiga magoti, akafunua zulia la miguuni. Sponji ya chini yake ilikuwa imelowa. Shemeji alikuwa ameliona zulia hilo likiwa na unyevu tangu mwanzo, akadhani ni umande wa buti zake za shambani. Mzee akapitisha kidole kwenye kijiti cha pedali ya klachi, kikatoka kinateleza. Kisha akamulika mkono wa pedali. Rangi nyeusi ilikuwa imebabuka, inatoka kwa maganda, kama ngozi iliyomwagikiwa chai ya moto. Mafuta ya breki hula rangi ya gari. Rangi ile ilikuwa inasema kwamba masta ya juu imevuja kuelekea ndani ya gari kwa miezi, wala si kwa wiki.

"Ugonjwa wako ulikuwa hapa," akasema. "Raba moja."

Kisha akatuonyesha kitu ambacho fundi kijana angekifanya kwa dakika mbili kabla ya kushusha giaboksi. Hakuna mguu kwenye pedali, injini imezimwa. Akalala chini ya gari, akashika niplo ya klachi masta ya chini, kile kiskurubu chenye tundu, akailegeza robo mzunguko. Mafuta yaliruka kama mate ya nyoka. Pedali haijakanyagwa na mafuta yanaruka! Maana yake yalikuwa yamefungiwa, na ndiyo yaliyokuwa yanaibonyeza klachi wakati wote. Akaenda kwenye gurudumu la mbele ambalo lilikuwa halizunguki kwa mkono, akalegeza niplo yake, na gurudumu likazunguka.

Klachi inayoteleza ukiilegezea niplo ikashika, usinunue pleti kwanza. Na ile isiyoachia ina kipimo chake. Mtu mmoja akae ndani akanyage pedali mpaka mwisho, mwingine awe chini akitazama kijiti cha masta ya chini kinavyousukuma uma. Kikienda mbele vizuri, kwa kiasi kinachotajwa katika kitabu cha gari hilo, na klachi bado haiachii, hapo ndipo shaka inapoingia ndani ya giaboksi: uma umepinda, pleti imenasa, presha imekufa. Kikisogea kidogo tu, giaboksi iache mahali pake. Tafuta mafuta yanakopotelea. Chungulia kiraba cha vumbi cha masta ya chini, kikunje kwa kidole; kikimwaga mafuta umepata. Tazama mpira wakati mwenzio anakanyaga, kuna mipira mizee inayofura kama chatu aliyemeza panya, na nguvu yote inaishia humo. Kila mahali pakiwa pakavu lakini pedali ukiishikilia chini inazama polepole, au klachi inaanza kushika na mguu wako haujasogea, basi raba ya masta ya juu inapitisha mafuta kwa ndani, na hiyo huwezi kuiona kwa macho.

Kuna jingine ambalo limewagharimu watu. Kile kijiti cha pedali lazima kiwe na uchezaji kidogo kabla hakijaigusa pistoni. Fundi akikikaza mno ili pedali ipande juu, pistoni hairudi mwisho, na unapata ugonjwa uleule wa shemeji bila hata tone la oili mbaya.

Matengenezo yalikuwa marefu. Oili ikishaingia haioshwi kwa kubadilisha mafuta tu, kwani raba zimeshainywa. Mzee alibadilisha masta ya juu ya klachi na ya chini, masta ya breki, raba zote za magurudumu manne, mipira yote, na kiraba cha mfuniko. Mabomba ya chuma aliyasafisha kwa dawa ya breki hadi yakatoa safi. Pleti mpya ilikuwa imeungua, ikanunuliwa nyingine. Shemeji aliuza mbuzi wawili na akakopa kwa kaka yake.

Nilikaa naye wakati wa kutoa upepo, nikafanya kazi niliyoianza nikiwa kijana, ya kukanyaga pedali. Mzee yuko chini na chupa yenye mafuta kidogo na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha moja kwenye niplo, nyingine imezama kwenye mafuta. "Kanyaga." Nakanyaga polepole. "Shikilia." Analegeza, mapovu yanatoka, anakaza. "Achia." Usiachie kabla hajakaza, utavuta upepo uleule aliokwisha kuutoa. Kila baada ya mara nne au tano shemeji anatazama kichupa juu, maana kikikauka kazi yote inaanza upya. Hatukuharakisha. Mapovu makubwa yalitoka mapema. Madogo kama chembe za mtama yaliendelea kwa muda, mzee akawa anaugongagonga mpira kwa mpini wa bisibisi ili yapande. Alikaza niplo mara ya mwisho pale tu mafuta yalipotoka kama uzi mmoja usiokatika.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni zile chupa za soda. Karibu kila kijiwe utakachokwenda utazikuta, nyekundu, za kahawia, nyeusi, hazina karatasi wala jina, na kila moja ni "oili". Anayekugawia anakupenda. Anakusaidia. Hata mafuta ya breki halali yakikaa kwenye chupa iliyoachwa wazi yanakunywa unyevu, achilia mbali yale ambayo hakuna ajuaye yalitoka wapi. Mfuniko wa kichupa cha gari lako umeandikwa kinachotakiwa, DOT 3 au DOT 4 kwa magari mengi, na kopo dogo lililofungwa halizidi uwezo wa mtu mwenye gari. Yale ya DOT 5 ni ya silikoni, usiyachanganye na haya. Ukiwa njiani na huna, bora ulale hapo, au upigie simu mtu akuletee kwa basi. Na kama umeshamimina kisicho chake, usiwashe gari. Mwambie fundi ukweli kabla hajauliza. Oili ambayo haijasafiri inaweza kufyonzwa kwa bomba la sindano ikiwa bado iko kichupani, na hapo umeokoa gari zima.

Watu wananiuliza kama shemeji hakuwa na bahati. Alikuwa nayo, mtaro ulikuwa upande wa jabali.

Bado anashusha kabichi Mombo. Chini ya kiti ana kopo la mafuta ya breki ambalo halijafunguliwa, na zulia la miguuni hakulirudisha. Sakafu ya upande wa dereva iko wazi, bati tupu, na kila asubuhi anapitisha kiganja pale chini ya pedali kabla ya kuwasha. Wewe unayesoma, kama gari lako ni la gia za mkono, nenda kafunue zulia lako leo.